Sanduku la barua: Usilichome kabla hujalisoma

UKISIMAMA hapo njia panda ya Minjila asubuhi, utaona magari yaliyotoka Malindi yakipumzika kidogo kabla ya kuendelea na safari. Mengine hushika njia ya Garsen, Hola hadi Garissa. Mengine huelekea Witu na Lamu. Wachuuzi hukimbilia madirishani na abiria huinamia simu zao. Salamu zinazotumwa kwa simu hizo hufika papo hapo, na pengine hufutika kabla gari halijang'oa nanga.

Lakini msomaji, ikiwa uliwahi kuishi kando ya barabara kama hii miaka ya sabini, themanini au tisini, yamkini unakumbuka jambo jingine. Unakumbuka utingo akiteremka na bahasha mkononi, akiuliza kwa sauti nani anamjua mama fulani wa kijiji fulani. Bahasha ile ilipita mikono mitatu au minne kabla ya kumfikia mwenyewe. Na ilipofika, mtoto wa shule aliitwa aje aisome mbele ya watu wa nyumbani. Alianza kwa yale maneno tuliyoyajua sote: ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwenu nyinyi mlio mbali na upeo wa macho yangu.

Je, barua hiyo iko wapi leo?

Juma hili tunakuomba, msomaji, uinuke ukatazame juu ya kabati, chini ya kitanda au ndani ya lile sanduku la bati la nyanya yako. Kuna barua mle. Kuna kadi za Idd na za Krismasi, kadi za kumtakia mtoto heri katika mtihani, na labda ile karatasi ya samawati iliyokunjwa ikawa bahasha yenyewe, yenye stempu ya Jeddah au Muscat. Usafi wa mwaka mpya ukifika, vitu hivi ndivyo vya kwanza kutupwa motoni. Tunakusihi usifanye hivyo. Na ili ujue ni kwa nini, tutaanza na nyota wa filamu.

NYOTA ALIYEISHI TANA RIVER

Wengi hawajui kwamba jimbo hili la Tana River liliwahi kuwa makao ya nyota wa filamu aliyetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Hakuwa mtu. Alikuwa simba, na jina lake lilikuwa Christian.

Christian alizaliwa mwaka 1969 katika bustani ya wanyama huko Uingereza, akauzwa katika duka kubwa la Harrods mjini London. Walionunua walikuwa vijana wawili kutoka Australia, John Rendall na Ace Bourke. Walimlea katika duka la fanicha mtaa wa Chelsea, na kumchezesha katika uwanja wa kanisa. Lakini simba si paka. Alipozidi kukua waliona wazi kwamba hawataweza kumweka mjini.

Siku moja dukani humo waliingia Bill Travers na mkewe Virginia McKenna. Hawa walikuwa waigizaji mashuhuri, ambao mwaka 1966 walikuwa wameonekana katika filamu ya Born Free, iliyopigwa papa hapa Kenya. Humo waliigiza maisha ya Bwana George Adamson na mkewe Joy, waliomlea simba jike Elsa. Travers alimjua George, na mapema mwaka 1970 ujumbe ukamfikia mzee huyo: je, angekubali kumpokea simba wa London na kumfundisha kuishi porini?

George alikubali. Alimpokea Christian mwezi wa Agosti mwaka huo huo, akampeleka Kora, kusini mwa mto Tana, pahali pa miiba, mawe na joto kali. Hapo George aliishi na nduguye Terence katika kambi iliyoitwa Kampi ya Simba.

Sasa msomaji, fikiria hali ya wale vijana wawili. Walimpenda mnyama yule kama mtoto wa kulea, wakamwacha jangwani na kurudi Ulaya. Wangejuaje kama yu hai? Kampi ya Simba haikuwa mahali pa kupiga simu kila jioni. Waliishi kwa barua. Mzee George aliwaandikia kuwaeleza jinsi Christian alivyokuwa akiendelea na jinsi alivyokuwa akizoeana na simba wenzake. Mwaka 1971 walipokuja kumtembelea, simba aliyekuwa amekwisha kuwa dume kubwa aliwatazama kidogo, kisha akawakimbilia na kuwakumbatia kwa miguu yake ya mbele. Picha za mkutano huo zilipigwa, na mwaka 2008 zilienea katika intaneti hata mamilioni wakazitazama na kulia machozi.

Filamu ile ni ya dakika chache tu. Inaonyesha kumbatio, basi. Haionyeshi miezi ya kungojea, wala usiku wa wasiwasi, wala mzee aliyekaa mbele ya taa akiandika. Hayo yamo katika barua na katika shajara ambazo George alikuwa na desturi ya kuziandika kwa miaka mingi. Mapema mwaka 1973 Christian alionekana kwa mara ya mwisho, akaenda zake upande wa kaskazini ya mto, asirudi tena. George mwenyewe aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na umri wa miaka 83, na akazikwa huko huko. Simba hayupo, mzee hayupo. Maneno yaliyoandikwa yapo.

MAMA NG'AMBO, BINTI NG'AMBO

Tumetaja simba kwa sababu ni wa kwetu. Lakini kisa cha pili, cha mwanamke aliyekuwa nyota kwelikweli, kitamgusa kila mzazi aliyewahi kuishi mbali na mwanawe.

Ingrid Bergman alizaliwa mjini Stockholm, Uswidi, tarehe 29 Agosti 1915. Mamake alifariki Ingrid akiwa mdogo mno. Babake, aliyekuwa mpiga picha, alimlea na kumpiga picha nyingi, hata zile za sinema zinazoonyesha mtoto huyo akiweka maua kaburini pa mamake. Baba naye akafa mwaka 1929. Msichana wa miaka 13 akabaki yatima, na urithi wake mkubwa ukawa picha na karatasi. Pengine hapo ndipo alipojifunza kutotupa kitu.

Alikua akawa mwigizaji, akaolewa na daktari wa meno, Petter Lindström, na mwaka 1938 wakapata binti, Pia. Mwaka uliofuata Marekani ilimwita. Filamu ya Casablanca ya mwaka 1942 ikamfanya ajulikane kila pembe ya dunia. Watu walimwona kama malaika.

Kisha mwaka 1948 aliandika barua fupi. Alikuwa ametazama filamu za Mwitalia Roberto Rossellini, akamwandikia kwamba angependa kwenda kufanya kazi naye. Barua hiyo ndiyo iliyogeuza maisha yake. Mwaka 1949 alikwenda Italia, akampenda Rossellini, akamzalia mtoto wa kiume kabla mambo ya talaka hayajatengenea. Marekani ilichachamaa. Mwaka 1950 Seneta Edwin Johnson alisimama bungeni akamshutumu vikali. Magazeti yakamchambua kama karanga.

Na Pia? Pia alikuwa na miaka 10 mamake alipoondoka. Alibaki Marekani na babake. Walionana London mwaka 1951, halafu hawakuonana tena hadi mwaka 1957. Mwaka 1952 mama aliomba mahakama ya Los Angeles imruhusu binti amtembelee Italia. Binti mwenyewe alisema mbele ya hakimu kwamba hakutaka kwenda, na ombi likakataliwa. Haya yalichapishwa kote, kila mtu akasoma.

Ila kulikuwa na jambo ambalo wasomaji wa magazeti hawakuliona. Katika miaka hiyo mama alikuwa akiandika. Alimwandikia bintiye barua, akijaribu kumweleza mtoto mambo ambayo hata mtu mzima hupata taabu kuyaeleza. Aliwaandikia pia rafiki zake wa karibu. Aliandika shajara tangu usichana. Alihama kutoka Uswidi hadi Marekani, Marekani hadi Italia, kisha Ufaransa na Uingereza, akabadili waume watatu, na kila alikohamia alibeba makaratasi yake.

Mwaka 1980 alichapisha kitabu cha maisha yake, na baadhi ya barua hizo zimo. Alifariki London tarehe 29 Agosti 1982, siku ile ile alipotimiza miaka 67, akiwa amepata tuzo tatu za Oscar. Karatasi zake zikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Marekani. Mwaka 2015 mwelekezi Stig Björkman wa Uswidi alizitumia kutengeneza filamu juu ya maisha yake, akiwa ameombwa na Isabella Rossellini, mmoja wa mabinti wa marehemu. Humo watoto wote wanne wanazungumza, Pia akiwemo, nao wote walikuwa wamekuwa watu wazima.

Hapo ndipo penye funzo, msomaji. Magazeti ya mwaka 1950 yalisema mama huyu alimtupa mwanawe. Barua hazimwondolei lawama zote, la hasha. Mtoto aliachwa, na machungu yake yalikuwa ya kweli. Lakini barua zinaonyesha kwamba aliyeondoka hakusahau. Kwa mtoto aliyeachwa, tofauti kati ya kuachwa na kusahauliwa ni kubwa kama mto Tana wakati wa masika.

WEWE PIA NI NYOTA WA MTU

Huenda ukasema, hao ni watu maarufu, mimi babangu alikuwa kuli wa bandarini Mombasa, nani atataka barua zake?

Utazitaka wewe. Na wanao watazitaka.

Katika nyumba nyingi za Pwani, baba alikuwa mtu wa barua zaidi ya mtu wa sura. Alifanya kazi Mombasa, au Nairobi, au katika nchi za Ghuba, akarudi nyumbani mara moja kwa mwaka na mara nyingine asirudi. Watoto walikua wakisikia kwamba baba ni mkali, au baba ni mlevi, au baba alioa huko akatusahau. Kisha siku ya matanga sanduku la mama linafunguliwa, na zinapatikana barua thelathini zimefungwa kwa uzi. Katika kila moja ameuliza: mtoto amepona homa? Karo imefika? Yule wa mwisho ameanza kutembea?

Swali dogo kama hilo, lililoandikwa kwa kalamu inayovuja wino, laweza kumponya mtu wa miaka hamsini.

Kadi nazo zisidharauliwe. Kadi ya heri ya mtihani iliyotiwa sahihi na shangazi ambaye hakujua kusoma, akachora alama tu, ni hati ya upendo. Ile kadi ya salamu uliyonunua ili jina la mchumba wako lisomwe redioni, ukakosa stempu ikabaki nyumbani, siku moja itawachekesha wajukuu wako mpaka washike mbavu.

Ama kuhusu thamani ya fedha, hiyo ni hadithi nyingine. Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alifariki mwaka 1991 na kumwachia rafiki yake Mary Austin nyumba na vitu vyake. Vilipopigwa mnada London Septemba 2023, vilileta karibu pauni milioni 40. Karatasi alizoandikia rasimu ya wimbo wake mmoja pekee zilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni moja. Karatasi za babako hazitapigwa mnada London. Lakini jiulize kama ungekubali kuuza ile moja iliyo na jina lako.

MTO NA MOTO

Kuna sababu nyingine ya kuyasema haya kwa watu wa Minjila, Garsen na vijiji vya delta kuliko watu wengine. Huku karatasi haina maisha marefu.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Ndio unaowapa Wapokomo mashamba yao na Waorma malisho ya ng'ombe wao. Lakini mto huo huo hufurika. Mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 hayajasahaulika. Yakaja ya mwaka 2018, kisha ya mwisho wa mwaka 2023, na mengine tena mwaka 2024. Maji yakiingia nyumbani usiku, mtu hubeba mtoto, godoro na sufuria. Nani atakumbuka bahasha?

Na kuna moto. Katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa mwaka 2013, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha katika delta hii, na nyumba nyingi zikateketezwa. Tunapohesabu hasara ya siku zile tunahesabu watu kwanza, kisha mifugo na nyumba. Ni haki. Hata hivyo, aliyenusurika akimkumbuka marehemu, angependa kuwa na kitu kimoja chenye mwandiko wa marehemu huyo. Nyumba hujengwa upya. Mwandiko wa marehemu haupatikani dukani.

SIRI ZA WATU

Lazima pia tuseme ukweli: si kila barua ni ya kusomwa hadharani. Ingrid Bergman aliamua mwenyewe kuchapisha baadhi ya barua zake, na filamu ya mwaka 2015 ilitengenezwa kwa ridhaa ya wanawe. Hilo ni jambo la adabu ambalo sisi pia twapaswa kuliiga.

Ikiwa mama yu hai, barua ni zake. Muombe. Keti naye jioni, mwambie akusomee zile anazotaka, nazo nyingine aziweke. Ukikuta siri ya mtu mwingine, labda mtoto asiyejulikana au deni au ugomvi wa mirathi, usikimbilie kuitangaza katika kikundi cha familia kwenye simu. Mtafute mzee mwenye busara, mfikirie pamoja. Barua inayoweza kumponya mmoja yaweza kumchoma mwingine. Walakini kuificha kwa busara si sawa na kuichoma. Kilichofichwa chaweza kutolewa wakati wake. Kilichokuwa jivu hakirudi.

FANYA HIVI

Ikiwa umeshawishika, basi anza juma hili. Kazi yenyewe haina gharama kubwa.

Kwanza, zitoe barua kwenye sakafu. Mchwa, panya na unyevu huanzia chini. Ziweke katika mkebe wa bati au wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, uziweke juu, mbali na jua na moshi wa jikoni. Ukiishi panapofurika, mkebe huo uwe mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja.

Pili, usitumie gundi wala utepe wa kunata kuunganisha palipochanika. Utepe hugeuka manjano na kula karatasi. Usibanike kwa pini za chuma pia, kwani hushika kutu. Zikunjue barua zikae wazi, maana karatasi hukatikia kwenye mikunjo.

Tatu, andika. Chukua penseli, si kalamu ya wino, uandike kwa wepesi nyuma ya bahasha au picha: nani kaandika, kwa nani, mwaka gani, na wale waliotajwa kwa lakabu ni akina nani. Jambo hili ufanye sasa hivi, wakati wazee wangalipo. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua "Mjomba Kijana" alikuwa nani.

Nne, simu uliyo nayo mkononi isiwe adui wa barua. Ipige picha kila kurasa, mchana, kando ya dirisha, kisha mpelekee ndugu aliye mji mwingine. Mto ukija Minjila, nakala itakuwa Nairobi.

Tano, barua zikilowa usizivute kwa nguvu wala kuzianika juani. Ziache kivulini penye upepo, zitenganishe taratibu zinapoanza kukauka. Picha iliyopakwa tope isuuze kwa maji safi bila kuisugua, kisha uilaze uso ukitazama juu.

Na la sita, lililo gumu kuliko yote: andika na wewe. Kuweka za zamani bila kuongeza ni kama kula mbegu. Mwanao akienda bweni, mtilie karatasi moja sandukuni. Mkeo akitimiza miaka kumi nawe, mwandikie kadi kwa mkono wako, hata kama mwandiko wako ni wa kuku.

Nyota wa Kora alikuwa na mzee wa kumwandikia habari zake. Nyota wa Uswidi alijiandikia mwenyewe. Wewe unaye nani? Pengine ni yule mama aliyekaa kibarazani sasa hivi akichambua mboga, ambaye hujawahi kumuuliza kilichomo ndani ya sanduku lake.

Muulize leo, kabla jua halijatua.